Sala ya Banda Umiza

Kiingereza changu ni cha darasa la saba na nusu,
lakini maikrofoni ni yangu.
Nyuma ya soko la Mkuti, Masasi, chini ya bati na maturubai,
mia mbili kichwa, watoto wakae chini,
mimi ndiye ninayewasemesha Wazungu.

Sinema za mlipiza kisasi nazijua kama njia ya kisimani.
Kwanza polisi wanakula mlungula.
Kisha mke anakufa, au binti,
mapema, kabla hujalizoea jina lake.
Kisha mwanamume anaingia kanisani peke yake
na mishumaa yote inawaka.
Nani kaiwasha? Sinema haisemi.
Padri anajua, ananyamaza.
Mvua inanyesha usiku wa kuua tu.
Na njiwa, lazima njiwa,
kana kwamba Roho Mtakatifu naye kakata tiketi.

Halafu anapiga magoti mbele ya mtu aliyefungwa kwenye kiti,
anasali kwa lugha ambayo hata Kiingereza si Kiingereza.
Hapo nilikwama.
Siku ya kwanza nikakohoa.
Siku ya pili nikatunga:

     Ee Mwenye mizani, mimi ni mkono tu.
     Kilicho chako nakurudishia.
     Damu hii usiihesabu kwangu.

Banda kimya. Hata muuza karanga aliacha kukunja karatasi.
Ilikuwa nusu ya sala za shule ya misheni,
nusu ya dua za arobaini kwa shangazi Somoe,
na chumvi yangu kidogo.
Wakaidai. "Mtafsiri, rudisha nyuma, ile sala!"
Nikairudisha. Tiketi ni tiketi.

Oktoba, korosho zikiwa ghalani zikingoja mnada,
gunia moja likapotea.
Saa nne usiku nikasikia kelele upande wa mashine ya kukoboa,
nikaenda na tochi kama wengine, ndala mguu mmoja.
Walikuwa wamemfunga Chinguile kwenye kiti.
Kiti kilikuwa changu, kile chenye mguu wa waya.
Na Nampoto, kijana wa bodaboda, mtu wa kucheka,
alivua kofia, akapiga magoti vumbini.
"Ee Mwenye mizani," akasema, "mimi ni mkono tu."
Hakukosea hata neno.
Alituama hata pale ninapovuta pumzi.

Kwenye sinema, kamera inakuwa imeshatuonyesha.
Tumemwona mwizi akiiba, tumeiona pete yake,
tumekaa dakika tisini tukijua,
ndiyo maana risasi haituumi.
Usiku ule hakuna aliyekuwa ameonyeshwa kitu.
Kulikuwa na nafasi tupu ghalani
na kijana anayependa kutembea usiku.
Mvua haikunyesha.
Njiwa walikuwa wamelala kwenye paa la shule.

Nilipaswa kusema: jamani, hiyo sala ni yangu,
niliitunga kwa sababu sikuelewa,
haimo katika kitabu chochote.
Nilisema "jamani."
Sauti inayojaza banda bila umeme
ilitoka kama ya mtu anayeomba maji.

Mgambo walifika. Aliishi.
Wiki sita Mkomaindo, na mguu ukarudi ukiwa mfupi.
Gunia lilichukuliwa na nani, hadi leo kila mtu ana lake.

Jumamosi hii amekuja, gongo kwapani,
kalipa mia mbili kama wengine,
kakaa mbele, chini, pale pa watoto.
Nampoto yuko nyuma, karibu na mlango.
Mishumaa ikawaka. Mtu akapiga magoti.
Nikazima maikrofoni.
Mzungu akasali mwenyewe, kwa lugha yake,
sauti nyembamba, kumbe, kuliko niliyompa,
na huko nyuma wakaanza kupiga bati:
Tafsiri! Tafsiri!

Chinguile akageuka, akanitazama.