Siku ya Nane

Umeme umekatika tena Tudor. Jenereta inakohoa,
Mkalla anaupiga teke mlango wa friji ujifunge,
nami nimeinama juu ya kizimba cha tatu
nikimhesabia pumzi panya mwenye alama mbili sikioni.

Si kama wale wa Marikiti, wanene, wenye kiburi,
wanaokupisha njia wakipenda.
Huyu ni mweupe, macho punje za komamanga,
hajaonja hata chenga ya mkate wa mofa.
Nilimdunga tone moja la virusi, ubongoni.
Siku ya tatu alikula, akanawa uso, akalala.
Ungesema hakuna kitu.

Kumbe ndani, seli iliyoingiliwa
hutundika dirishani kipande cha mgeni,
kama mtu aliyeshikiwa kisu nyumbani mwake
anavyoanika shuka nyekundu, majirani waelewe.
Na iko seli moja, moja katika laki,
inayojua kuisoma shuka hiyo.
Hujigawa: mbili, nne, nane,
hadi naishiwa karatasi.
Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo.
Hawakuipima bandama ya panya mmoja
ilivyovimba, nzito mizanini, imejaa wachimbaji.

Nao hawaji kumbembeleza mwenye nyumba.
Wanamuua pamoja na mgeni wake.

Kizimba cha nne wamo wasio na jeshi,
waliozaliwa bila tezi ya kifuani.
Tone lilelile, pahali palepale.
Virusi vimewajaa tele,
na wanakula.
Wa cha tatu ndio wanaotetemeka, migongo imepinda,
na mimi daftarini naandika: kinga imefika.

Nilipougua surua, tukikaa Kisauni,
mama alinipapasa kwapani akakuta mtoki.
Akaukanda kwa kitambaa cha moto usiku kucha,
"Toka, mtoki, toka."
Alikuwa akimfukuza askari wangu,
na mkono wake ndio ninaoukumbuka, si surua.

Akivuka huyu, na ni wachache wanaovuka,
jeshi lake litakufa kimya, karibu lote.
Watabaki vikongwe wachache damuni,
bila mshahara, wanaijua sura moja tu.

Taa zinarudi. Mkalla ameshika kalamu:
"Wa alama mbili, nimwandikeje?"
Anapigana, nasema.
Halafu namwambia afute;
neno hilo halina safu.
Andika gramu kumi na saba, nukta mbili.