Asilimia Kumi ya Mbuzi

Mchana natunza hesabu za chama cha zabibu, Makutupora:
kilo, kreti, makato, sahihi ya mwenyekiti.
Jioni nafungua daftari jingine, la jalada jekundu,
lenye doa la mafuta ya jenereta,
na juu yake nimeandika kwa mkono wangu: BENDI.

Wako wanne. Chidosa, gitaa. Mazoya, besi.
Ndahani anapiga dramu kama anayedai mshahara wa baba yake.
Na Sechelela, miaka kumi na tisa, sauti ya kukwaruza
kama bati linaloburutwa juu ya mawe ya Mlimwa.
Walitaka kuitwa Nyundo Nne.
Fundi wa mabango, pale Majengo, akaandika Nyundo Nane,
na bango lilikuwa limeshalipiwa.
Tangu hapo kila tuendako watu wanahesabu vichwa:
"Wengine wanne wako wapi?"
Chidosa hunionyesha kwa kidole:
"Ndio yule mama. Anabeba spika."

Watu huniuliza, unapata nini?
Mimi mtu wa hesabu, swali nalipenda.

Kongwa, kwenye kipaimara, tulilipwa mbuzi.
Mkataba unasema meneja ana asilimia kumi.
Tukasimama kumzunguka, naye akitutazama,
tukijadili sehemu ya kumi ya kiumbe
anayetafuna waya wa maikrofoni.
Hatukumchinja. Yuko uani kwangu, Nkuhungu.
Anaitwa Risiti.

Kibaigwa uzi wa gitaa ulikatika katikati ya wimbo.
Mazoya akatoka mbio, akarudi na waya wa breki ya baiskeli.
Mwenye baiskeli alikuja nyuma yake, ngumi juu,
akafika mbele ya jukwaa, akasahau alichofuata.
Nimeiandika hiyo. Sikujua ni ya safu gani.
Nikaiweka kwenye mapato.

Mtendaji wa kata aliniletea barua ya kelele, yenye mhuri:
majirani hawalali, kuku hawatagi.
Nikaitoboa, nikaiweka faili.
Miezi mitatu baadaye akapiga hodi, kofia mkononi.
Binti yake anaagwa Jumamosi,
je, vijana wanaweza kuja, ila wapige polepole?
Sechelela akamwambia, roki haina polepole, mzee,
ina mbali na karibu. Wewe simama mbali.
Alisimama karibu. Nilimwona.

Sisemi hakuna siku mbaya.
Mama yake Ndahani hajanisalimu
tangu matokeo ya kidato cha nne.
Mwezi wa pili nilikodi jenereta kwa pesa ya upatu,
na kijumbe wetu ana kumbukumbu ndefu.
Usiku mmoja, Bahi, walikuja watu saba,
wawili wakiwa walinzi.
Vumbi liliingia kwenye spika likakaa kama mwenye nyumba.
Vijana wakapiga kana kwamba uwanja umefurika,
jasho likiwachora ramani kwenye fulana,
na mimi mlangoni, kisanduku cha viingilio mapajani,
nikazihesabu zile elfu tano mara tatu
nisije nikainua uso.

Jumatatu ofisini mlio haujatoka masikioni.
Nagonga kalamu mezani, kikokotoo kinaruka.
Mwenyekiti anainua miwani: "Vipi?"
"Sikio linalia. Tangu Jumamosi."
"Nenda hospitali."
"Ipi?"
"Kwa hali hii," anasema, akirudi kwenye kreti zake, "Mirembe."

Nacheka. Naandika: zabibu nyeupe, kilo mia nne na ishirini.
Kalamu inaendelea kugonga,
na chini ya meza, kama hakina habari,
kiatu cha mwenyekiti kinafuata.