Bisibisi ya Gul Zamin

Fundi Gul Zamin hakuuliza umri wa gari.
Alitandika boksi, akalala chali, akaingia chini
mpaka zikabaki nje kandambili tu,
akaanza kuichoma chesisi kwa bisibisi
inchi kwa inchi, kama daktari wa meno.
Ngk. Ngk. Chuma kizima hujibu.
Halafu kimya:
bisibisi imezama, na kutu inamwagika
kama kahawa ya kusaga.

"Hapa," akasema. Baada ya kitambo, "Na hapa."

Nami nimesimama na daftari, Ibra, asubuhi,
jua limeshapanda ukuta wa shamba,
maji ya falaji yanapita yakijisemea.
Naandika.
Chesisi, kuchomelea: riali mia tatu na hamsini.
Injini, kuifungua tu, kabla hatujajua lolote: mia mbili.
Rejeta. Breki, zote nne. Nyaya, walizokula panya.
Natia jumla, kisha naijumlisha tena kuanzia chini,
kana kwamba hesabu ina upande wenye huruma.
Elfu moja, mia sita na arobaini.

Mnunuzi wa chakavu anatoa tisini,
na usafiri juu yake.

Kaka yangu Suleyum, kwa simu toka Maskati:
"Sasa unangoja nini?"

Mama amewekewa kiti mlangoni.
Hajaulizwa, anajibu, kwa Kiswahili cha Ng'ambo
ambacho jua la huku halijakikausha:
"Gari hilo lilikula kuliko nyinyi.
Mkililia viatu, baba yenu husema difu inavuja."

Kweli, mama.
Lakini baba alikuwa mchanjaji.
Sanduku la chanjo lilikaa mbele, wewe ukakaa nyuma,
na alama ya sanduku ipo hadi leo,
pembe nne zimejichora kwenye ngozi ya kiti.
Kutoka hapa hadi kambi za mchangani, saa sita.
Barafu ilikuwa na saa saba.
Ile saa moja iliyobaki
ndiyo gari hili.

Gul Zamin ametoka chini, ndevu zina vumbi jekundu.
Anafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono.
"Nikilifufua," anasema, kwa Kiarabu cha mtaa wa mafundi,
"utakwenda nalo wapi?"
Si kejeli. Anataka kujua, ili achague matairi.

Nikatafuta jibu.
Kambi zimehamia kando ya lami.
Zahanati ina jokofu, ina kiyoyozi, ina foleni.
Ningelipaka rangi, nikalipitisha sokoni siku ya Idi
watoto walipige picha,
kisha nilirudishe hapa, chini ya turubai,
likiwa zima na halina la kufanya.

Hapo ndipo aliponieleza, huku akitafuta spana:
yupo mama nyuma ya Bidiya, Bi Mzeina,
ana gari pacha wa hili, analichotea maji ya ngamia.
Giaboksi yake imeng'oka meno tangu Rajabu.
Mpya hazitengenezwi. Kuukuu hazipatikani.
"Ya baba yako," akasema, "nimeizungusha kwa mkono.
Haina hata sauti."

Wahenga walisema kufa kufaana,
nami siku zote nilidhani ni neno la warithi wenye pupa.

Sikuuliza kama mkono wa Bi Mzeina una kovu.
Nilichora mstari juu ya jumla, nikaandika chini yake:
Giaboksi, bure. Aje na watu wanne.

Ilichukua mpaka adhuhuri.
Bolti ya mwisho iligoma, ikatukanwa Kipashto, ikaachia.
Na giaboksi ilipotua juu ya magunia
gari liliinuka, kidogo, vidole viwili hivi,
springi zikipumua,
kama mtu aliyetuliwa mtungi kichwani
na bado hajajua shingo aiwekeje.

"Msifunge mlango wa nyuma," mama akasema.
"Kuku mweupe anaatamia."