Hundi ya Kadibodi

Haiingii garini. Kila mwaka nasahau.
Ina urefu wa mlango, imeandikwa kwa wino wa buluu
dola elfu kumi na mbili na mia nne,
na sahihi ya mwenye timu, pana kuliko uso wangu.
Basi nalaza viti vya nyuma, naisukuma kimshazari,
kona moja inanichoma shingo
kutoka uwanjani, kupita daraja linaloinuka,
na theluji ya Duluth inagonga kioo
kama mtu aliyekuja kudai.

Mlangoni pangu pameandikwa: Marlys Haapala,
Mkurugenzi wa Jamii.
Mama, aliyestaafu kiwanda cha karatasi na vidole vinane,
alikisoma kibao kile mara mbili.
"Jamii inaongozwaje? Unaiambia pinda kushoto, nayo inapinda?"
Nikamwongezea kahawa.

Ninachokijua ni viatu vya barafuni:
jozi arobaini na moja za msaada,
ndogo haziishi kuulizwa,
kubwa zimelala kabatini tangu nianze kazi.
Najua ni mchezaji gani atasema ndiyo kwenye simu
na asubuhi nyonga imuume.
Kutoa ni moyo, sawa.
Ni fomu tatu pia, na mwanasheria wa timu,
na mkutano wa kuamua nembo ikae wapi kwenye mfuko wa viazi.
Tumeambiwa mkono wa kuume utoapo, wa kushoto usijue.
Mimi nalipwa mshahara
ili wa kushoto ujue, usogee karibu, utabasamu.

Rosaire Thibault, kipa wetu wa tatu,
anasugua benchi tangu Oktoba.
Huja bila kuitwa, akavua saa, akasugua masufuria;
mpiga picha akiingia, yeye hutoka na takataka.
Mara moja tu nilimlazimisha,
nikamsimamisha katikati ya wodi ya watoto, taa zikiwaka.
Mvulana mmoja kwenye kiti cha magurudumu akamkagua.
"Wewe unacheza wapi?"
"Sichezi. Nasugua benchi."
"Hata mimi," akasema yule mtoto,
wakacheka wawili hao, kicheko ambacho
sikukiweka kwenye ripoti, kwa kuwa hakina safu yake.

Leo ni chumba cha chini cha kanisa, ghala la chakula.
Foleni imefika ngazini.
Tunaomba watu wasogee kidogo, hundi ionekane.
Mzee mmoja mwenye koti la bandarini
anageuzia ukuta uso wake, viazi kifuani,
na ndipo naelewa, kwa kuchelewa kama kawaida yangu,
kwamba mimi ndiye niliyeleta taa.

Picha zikaisha. Mpiga picha akaenda zake.
Delphine Beaulieu, mwenye funguo za ghala,
akauliza, "Pesa zitaingia lini?"
"Siku tisini," nikasema. "Huenda kabla."
Akatazama dirisha lililovunjwa Jumatatu,
taulo likitetemeka mahali pa kioo.
Kisha akaigonga hundi kwa kifundo cha kidole,
kama mtu anayenunua tikiti maji.
"Na hii? Mna kazi nayo tena?"

Tunayo. Huwa tunafuta jina, tunaandika jingine.
Alhamisi inasubiriwa kwenye shule ya msingi,
watoto wameshafanyishwa mazoezi ya kushangilia.
Nilifikiria Alhamisi.
Nilimfikiria mwenye timu na sahihi yake.
Rosaire hakufikiria: alikuwa tayari ametoa mfukoni
utepe mweusi wa kufungia magongo,
anaukata kwa meno.

Tuliipachika tarakimu zikitazama nje,
kwenye kichochoro cha mapipa.
Upepo wa ziwa ukaisukuma, ikavimba, ikanywea, ikashika.
Delphine akapitisha kiganja ukingoni, polepole,
pembe zote nne.
"Imeingia," akasema,
akarudi kwenye foleni.

Alhamisi sijui nitawaambia nini.
Nimeendesha hadi nyumbani viti vya nyuma vimelala,
shingo yangu ikiitafuta ile kona.