Rasimu ya Bulongwa

Nilifika Makete na bahasha ya kaki:
kurasa ishirini na nne, picha za penseli,
beti zenye mizani iliyonyooka kama uzi wa mwashi.
Darasa la tatu, Bulongwa.
Nje sakitu haijayeyuka kwenye majani ya viazi,
ndani pumzi za watoto zinaonekana.

Nikasoma:

    Kule juu milimani,
    ndani ya nyumba ya nyasi,
    aliishi masikini
    Tweve, mtoto mwepesi.

Mkono ukainuka. Enesia,
sweta la kijani lenye kiraka kiwikoni.
"Mwalimu, huyo Tweve jina lake nani?
Humu ndani akina Tweve tuko saba."

Sikuwa na jina. Nilikuwa na ukoo tu,
niliouokota kwenye kibao cha duka, Miyomboni,
nikaona unatosha.

"Na nyasi za nini?"
Kwao ni tofali za kuchoma na bati la geji ishirini na nane
lililopandishwa na fuso kutoka Makambako
siku ambayo mama yake alichinja kuku wawili.
Ningemjibuje? Kwamba nilihitaji kina cha *si*,
na nyumba ya watu ikaezuliwa bati
ili ubeti wangu usivuje?

Nikaendelea, ulimi umeshakuwa mzito:

    Babaye hampi mtu
    hata punje ya ulezi;
    duka lake lina kutu,
    pesa kafungia ngozi.

Hapo hata mwalimu wao, Luvanda, alitazama dirishani.
Zabroni Swalo akasimama, bila hasira,
kama anayesahihisha hesabu ubaoni:
"Baba yangu ana duka Mbeya, Sokomatola.
Halina kutu. Lina friji."
Akakaa. Kisha akasimama tena:
"Na anamlipia ada mtoto wa jirani.
Ila alisema tusiseme."

Mimi ni Mhehe wa Kalenga.
Nilipokuwa bweni, kwenye foleni ya nyama ya Jumapili,
wenzangu walibweka.
Maktaba ilikuwa na kitabu kimoja kinachotutaja:
Mhehe, mkuki, mbwa, na sufuria inayofuka.
Aliyechora hakuwahi kunawa mikono nyumbani kwetu.
Niliikata ile picha kwa wembe wa kuchongea penseli,
nikaitafuna karatasi mpaka ikawa uji,
nikalipa shilingi mia tano na viboko vinne.
Nilidhani nimeimeza ikaisha.
Kumbe ilikaa tumboni miaka ishirini na sita,
ikaota mkono, ikashika kalamu,
ikapanda basi la Makete.

Sikutoa hotuba ya kuomba radhi;
niliogopa ningeipenda sauti yangu.
Nikawapa rasimu na ufutio.
Enesia aliezeka bati kwa rula, mstari kwa mstari,
akaongeza na tangi la maji, kwa sababu lipo.
Duka likapata friji, na ndani ya friji soda,
na juu ya friji paka ambaye hakuna aliyemwomba.
Jina la mtoto liligombewa hadi kengele ya uji.
Halikupatikana. Pale pana nafasi wazi mpaka leo.
Ubeti wa kwanza sasa una mstari wa mizani kumi na tatu,
unachechemea kama mbuzi mwenye kwato mbovu,
na sijaugusa.

Zabroni alinifuata hadi getini.
"Hicho kitabu kikiuzwa, sisi tunapata shilingi ngapi?"
Nikacheka. Na ndani ya kicheko nikasikia
maneno yakijipanga: *Wakinga, bwana...*
Nikayabana kwa meno.
Lilikuwa swali la haki kuliko yote siku ile,
na mtoto yeyote, wa Kalenga au wa Tukuyu, angeliuliza
kama angepewa kurasa akaona amechorwa humo.

"Sijui," nikamwambia.
Akatoa kalamu mfukoni,
akaniuliza namba ya simu,
akaiandika kiganjani mwake, polepole,
akairudia kwa sauti mara mbili.