Waliolala Hapa

Nimepewa kishikwambi, kizibao na kipande cha chaki,
na mtaa mmoja wa Wete, kutoka msikiti wa chini
hadi kinu cha nazi kilichokufa.
Swali la kwanza jepesi:
nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo?

Kwa Faki Khatib walilala saba
na mbuzi, ambaye hahesabiwi.
Mkwewe ni mtu wa Newala. Alikuja msimu wa karafuu,
tawi likamkatikia, akauguzwa ukumbini humo, akaoa.
Sasa asema "yakhe" kuliko sisi.
Matusi tu ndiyo bado hutukana kwa Kimakonde,
"watoto wasije wakajifunza."
Watoto wamejifunza yote.

Kantilal, sonara, kaya ya mtu mmoja.
"Andika na Mungu wangu," akanichezea, "yumo kabatini.
Naye keshazoea Kiswahili;
nikimsemesha Kigujarati huchelewa kujibu."

Uani kwa nesi Nyanzobe dagaa wa Mwanza wameanikwa
ubavuni mwa dagaa wa jirani,
na ugomvi wa nani ananuka zaidi una miaka minne.
Jana, mtoto wa jirani aliposhikwa na degedege,
mlango uliogongwa usiku ulikuwa wake.

Kishikwambi hakiulizi hayo.
Kinauliza paa, choo, redio,
kuku wangapi.
Hata kabila hakiulizi, na mie nashukuru,
maana bibi yangu alikuwa na majibu matatu
na kila jibu lilikuwa na shahidi wake.

Nyumba ya mwisho ni ya Bi Mgeni Shaame.
"Kumi na wanne," akasema.
Nawaona wawili: yeye na mjukuu anayekoroma.
Akanionesha rafu. Vikombe kumi na vinne,
cha huyu wa Tanga, cha wale wa Mombasa,
hiki kisicho mkono cha Hamad wa Maskati,
vyote vimesuguliwa kwa majivu.

"Bibi, tunawaandika waliolala hapa tu."
"Basi na mie nifute. Nimelala saa ngapi?
Usiku kucha nimewazungukia."

Nikaandika wawili. Mashine ikalia kidogo, ikakubali.
Nikatoka, nikachora namba mlangoni.
Akasimama nyuma yangu akiisoma, midomo ikicheza.

"Mwanangu," akasema,
"niachie hiyo chaki."