Jiwe Chini ya Tairi

Baba haegeshi gari mahali tambarare.
Kwetu Bugarika, nyumba zimekalia mawe
kama kuku wanaotamia,
na mteremko ni selfu ya bure.
Usiku anashuka, anatia jiwe chini ya tairi la mbele,
jiwe lile lile, lenye weusi wa mpira mgongoni,
anasema, "Haya, tulale,"
na hatukuwahi kujua anamwambia nani,
sisi au Karina.

Asubuhi anazungusha ufunguo.
Tk.
Anazungusha tena.
Tk.
Taa za dashibodi zinafifia kama mtu aliyekumbushwa deni.
Mama, kanga kiunoni, kanga kichwani,
hasubiri kuitwa. Anajua pa kuweka viganja:
pale kwenye buti, rangi imechubuka vidole kumi.
Mimi kushoto na sare ya shule, viatu nimevining'iniza shingoni,
Sumuni kulia, kiporo cha kiazi mdomoni.
"Toa jiwe!"
Gari linashuka kimya, zito,
gia ya pili, baba anaachia klachi
pale kwa Nyamizi muuza dagaa,
linakohoa, linagoma, linakohoa,
linawaka.
Majirani hawakutuuliza tumeamkaje.
Waliuliza, "Limekubali?"

Fundi wa Mabatini alisema betri. Tukanunua betri.
Wa Nyakato alisema plagi,
akazipuliza moja moja kama anayetafuta wimbo.
Mwingine koili. Mwingine, selfu imekula brashi.
Mzee mmoja wa Kirumba hata boneti hakufungua:
"Uzeni."
Na ubaya wa ugonjwa ule, mbele ya fundi haukutokea.
Mbele ya fundi Karina iliwaka kwa mguso mmoja,
ikanguruma kwa adabu
kama mtoto mtundu mbele ya katekista.
Baba akalipa hela ya kuangaliwa.
Tukafika kwenye foleni ya kwanza,
tk.

Siku ya Sumuni kwenda Geita kutafuta dhahabu
tulipanda naye kivuko cha Kamanga.
Kivuko hakina mteremko.
Ng'ambo ilipofika, mlango wa chuma ukashushwa,
nyuma yetu malori yakaanza kupiga honi,
na baba, jasho hadi kwenye kola,
tk, tk.
Sumuni akavua shati alilopigiwa pasi na mama,
akalikunja, akampa alishike, akainama kwenye buti.
Wachukuzi wa samaki wakaongeza mabega.
Liliwaka huku linapanda nchi kavu.
Baba hakuthubutu kulizima kwa ajili ya kuagana.
Aliaga dirishani, mguu kwenye mafuta.

Miaka minne.

Ni binti wa VETA aliyeuona ugonjwa, Nyabise,
grisi hadi kwenye nyusi.
Hakugusa betri. Aliufuata waya mweusi, wa athi,
kwa kidole, taratibu, kama anasoma barua ya mtu,
mpaka kwenye boliti iliyofunikwa rangi.
Mwaka ule wa harusi ya shangazi Holo
tulilipaka gari ling'ae,
na mpaka rangi akapitisha juu ya kila kitu.
"Umeme unatoka vizuri," alisema,
"ila hauna njia ya kurudi."
Mama, aliyekuwa anachambua mchele,
akamwambia, "Hebu sema tena."
Akasema tena.
Msasa kidogo, spana namba kumi, elfu tatu na soda.

Sasa linawaka. Hata siku ya mvua ya mawe,
hata ukungu wa ziwa ukipanda hadi jikoni.
Mama alimtumia Sumuni ujumbe: gari limepona.
Jibu likaja siku ya pili, usiku:
"Kwa hiyo sasa mnasukuma nini?"
Mama alicheka peke yake, akaisoma mara nyingi,
akaniomba nimwonyeshe namna ya kuutunza usifutike.

Bado anatoka saa kumi na mbili na nusu,
anasimama nyuma ya buti, mikono imeloa maji ya vyombo.
Bado baba anashuka gizani
na kulitafuta jiwe kwa mguu.